Bawabu Huyu, Bawabu Hii

Nyumbani, 3 Februari

Mjukuu wangu Nukta,

Marahaba. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio. Juma lililopita ulinipigia simu mara mbili, na mara zote mbili nilisikia mlio kama wa nyuki ndani ya debe. Naomba usirudie. Simu haina mkato wala kituo. Mtu huropoka, hubonyeza kitufe, na maneno yamekwenda na upepo. Barua hukaa. Barua naweza kuisoma mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu.

Yako nimeisoma kwa kalamu hiyo, nami nairudisha ndani ya bahasha hii. Usiogope wekundu, mengi ni mambo madogo. Lakini katika ukurasa wa pili umeandika sentensi ya mistari sita isiyo na kitenzi. Nimekitafuta hata chini ya meza, sikukiona. Tena unasema kwamba unachunguza "transpota". Transpota ni nini? Gari la mizigo? Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minane, na mjukuu wangu anasomea shahada ya uzamivu juu ya kitu kisicho na jina. Nieleze upya, kwa maneno ya watu.

Hapa kuna jambo moja. Shangazi yako alikuja Jumapili akakuta sufuria imeungua. Imeungua kidogo.

"Baba, huwezi kuendelea kuishi peke yako," akasema.

"Siishi peke yangu. Naishi na vitabu."

"Vitabu havizimi jiko."

Baba yako, aliye mbali kuliko wewe, amemuunga mkono kwa simu, ileile ya nyuki. Tumeafikiana hivi: nitakaa hapa hadi mwisho wa Juni, na shangazi yako atanichunguza. Akiona akili yangu inayumba, nitahamia kwake, katika chumba kilicho nyuma ya duka lake la dobi, penye mashine nne zinazozunguka tangu alfajiri, na nyumba hii itapangishwa. Nyumba hii niliijenga nikiwa na umri wako. Bibi yako alifia humu, nami sitaki kutoka humu kwa sababu ya sufuria.

Kwa hiyo nimeamua kuwa mgonjwa mtiifu, nisimpe mtu neno. Daktari wa zahanati amenipima presha, akanipa vidonge vinavyonipeleka msalani kila saa, pamoja na karatasi ya maagizo. Nitaitekeleza neno kwa neno.

Babu yako

*

Maabara, 14 Februari

Shikamoo Babu,

Nimeipokea barua yangu ikivuja damu. Mwenzangu wa meza ya pili aliiona, akaniuliza, "Umegombana na nani?" Nikamwambia, "Huyu ni mtu anayenipenda." Hakuamini.

Haya, kwa maneno ya watu. Seli ni kama chumba. Ukuta wake si wa matofali, ni wa mafuta: chembe za mafuta zimesimama bega kwa bega katika tabaka mbili, laini kama sabuni iliyolowa. Ukuta huo tunauita utando. Maji huupenya, lakini chumvi na chakula haviwezi kupita vyenyewe. Ndiyo maana ndani ya utando kuna protini zinazofanya kazi ya mlango, nazo ndizo hizo transpota, na kila mlango una kitu chake unachokipitisha.

Protini yangu inatoka kwa bakteria mmoja mdogo. Akitumbukia katika maji yenye chumvi nyingi, maji yaliyomo mwilini mwake humtoka, naye hunywea kama pera lililosahaulika juani. Hapo protini yangu huamka na kuingiza chembe fulani zinazoyavuta maji yarudi. Chumvi ikishuka, protini inapaswa kulala. Isipolala, bakteria atajaa maji mpaka apasuke.

Swali ni hili, Babu: inajuaje? Haina jicho wala ulimi. Nani anaiambia kwamba chumvi imepanda au imeshuka? Huu ni mwaka wa pili naliuliza swali hilo, nami sijajibiwa.

Shangazi usimgombeze. Zima jiko tu. Na nyumba isipangishwe, jamani, mimi nikija nitalala wapi? Juu ya mashine ya kufulia?

Mjukuu wako,
Nukta

*

Nyumbani, 22 Februari

Mjukuu wangu Nukta,

Barua yako imepata makosa manne tu. Unapona.

Nimeielewa kazi yako, na nimekitafutia jina hicho kitu chako. Anayekaa mlangoni, akijua nani apite na nani asipite, lini afungue na lini afunge, huyo ni bawabu. Liandike katika kitabu chako: bawabu. Neno lipo tangu zamani, halihitaji kuazimwa kwa mtu.

Ila angalia upatanisho. Bawabu ni nomino ya kiumbe mwenye uhai. Utasema "bawabu huyu amelala", hutasema "bawabu hii imelala". Najua utaniambia kwamba ni protini. Hata hivyo, ukimpa kitu jina la mtu, mpe na heshima ya mtu.

Mimi naendelea vyema. Karatasi ya daktari ina sentensi moja: "Endelea kupunguza chumvi na kunywa maji zaidi." Ni sentensi nzuri, ina vitenzi vyake vyote. Nimeichambua. Kuendelea ni kutenda bila kukoma. Basi kila Jumatatu napunguza robo kijiko cha chumvi. Nilianza na kijiko kizima kwa siku, sasa nimefika nusu. Neno "zaidi" nalo hulinganisha. Zaidi ya nini? Bila shaka, zaidi ya juma lililotangulia. Kwa hiyo kila Jumatatu naongeza bilauri mbili za maji. Sasa ni nane.

Shangazi yako aliuonja mchuzi wangu Jumamosi. "Baba," akasema, "hii ni maji ya kuoshea sufuria."

"Haya," nikamwambia.

"Haya nini?"

"Haya ni maji. Si 'hii ni maji'. Umri wako miaka hamsini na minane, na maji bado yanakushinda."

Aliondoka akicheka, kwa hiyo nadhani akili yangu bado iko mahali pake.

Babu yako

*

Maabara, 6 Machi

Shikamoo Babu,

Jina limepita! Katika mkutano wa Jumatano nilisema "bawabu", na leo hata Profesa ameniuliza, "Bawabu wako anaendeleaje?" Ona, naye amesema "wako". Umepata mfuasi. Lakini mimi bado nashika msimamo wangu: kitu kinachokaa katika kichupa, nilichokichuja mwenyewe kwa mashine, hakiwezi kuwa "huyu". Bawabu hii. Bawabu hii. Bawabu hii. Paka rangi unavyotaka.

Tena sina sababu ya kuiheshimu, kwa maana inanitesa. Nimeitoa katika bakteria, nimeisafisha, nimeitia katika vifuko vidogo vya mafuta nilivyovitengeneza ili viwe kama seli bandia. Nikiongeza chumvi, iko macho. Nikipunguza chumvi, iko macho vilevile. Nimeirudia kazi hiyo mara kumi na moja. Ni bawabu aliyeacha mlango wazi, akaenda zake. (Aa, nimeteleza. Iliyoacha. Ikaenda zake.) Profesa ananiambia nikiona bawabu ameharibika nitengeneze mwingine, na mwingine huchukua wiki tatu.

Nimeipitia barua yako mbiombio, nisamehe, nilikuwa nimesimama mbele ya mashine. Ila hongera kwa kufuata maagizo ya daktari. Laiti bawabu yangu ingekuwa tiifu kama wewe!

Nukta

*

Nyumbani, 19 Machi

Mjukuu wangu Nukta,

Nimepata barua yako. Nitaandika kwa ufupi, kwa sababu kichwa kinanigonga tangu juzi.

Chumvi imefika sifuri. Nimemaliza sehemu hiyo ya agizo. Maji ni bilauri kumi na sita, na sehemu hiyo haina mwisho, kwa hiyo naendelea. Chakula kina ladha ya karatasi. Sili sana. Miguu ni mizito, kama nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Jana nilisimama katikati ya sebule, nisikumbuke nimefuata nini. Nilikaa kwenye kiti nikangoja nikumbuke. Baadaye nikakuta jioni imeingia. Wazee wote hufanya hivyo. Usimwambie shangazi yako, maana yeye ataliandika jambo hili katika daftari lake la Juni.

Kuhusu bawabu hii yako, usiitupe bado. Mwalimu hamfukuzi mwanafunzi kabla ya kumwona mzazi.

Babu yako

*

Maabara, 27 Machi

Shikamoo Babu,

NIMESHINDA! Umeandika "bawabu hii yako". Tena "usiitupe". Kwa mkono wako mwenyewe, kwa wino wa buluu! Nimeibandika barua yako ukutani juu ya meza yangu. Mwenzangu wa meza ya pili amesema siku kama hii inastahili keki, nami nikanunua keki. Na hukuirudisha barua yangu yenye wekundu. Naona safari hii hukupata kosa hata moja. Leo nina kiburi, usinisogelee.

Kuna habari kubwa zaidi. Ulisema nimwone mzazi, nami nikacheka, nikamwonyesha Profesa barua yako. Yeye hakucheka. Aliniuliza, "Mzazi wake ni utando alimokulia. Vifuko vyako ulivitengeneza kwa mafuta gani?" Nikamwambia: aina moja, ile rahisi. Akashika kichwa.

Sikiliza. Utando wa kweli una aina nyingi za mafuta, na baadhi yake yana chaji ya umeme. Bawabu ana kitu kama mguu unaogusa mafuta hayo. Chumvi ikiwa kidogo, mguu huyanasa mafuta yenye chaji, naye hukwama palepale, amelala. Chumvi ikiwa nyingi, chembe zake huingia katikati na kulegeza mshiko huo. Mguu unaachiwa, anaamka. Hivyo ndivyo anavyojua. Ukuta na chumvi ndivyo vinavyomwambia. Mimi nilimjengea ukuta wa mafuta yasiyo na chaji, halafu nikamshangaa kwa nini halali!

Jumatatu nikatengeneza vifuko vipya. Jumatano nikapunguza chumvi. Alilala, Babu. Nikaongeza, akaamka. Nikapunguza, akalala. Nimekaa kwenye kiti nikamtazama kama mtoto mchanga.

Miezi mitatu nilikuwa nikimwita mbovu, na hakuwa na kosa lolote. Alikuwa mzima kabisa, ila aliwekwa mahali pasipofaa.

Kunywa dawa ya kichwa, upumzike.

Nukta

*

Nyumbani, 5 Aprili

Mjukuu wangu,

Barua lako limefika. Maji imekwisha katika bilauri hii, nami sijui ni ya ishirini au bado.

Bibi yako amekwenda sokoni tangu asubuhi hajarudi. Nimeacha mlango wazi. Watoto wa darasa la saba wanapiga kelele nyuma ya kabati, nimewaambia watoto hizi wanyamaze, hawasikii.

Nimeandika barua hii mara nne. Kuna kosa ndani yake. Najua liko. Nasoma na kalamu nyekundu mkononi sioni liko wapi.

Usimwambie shangazi yako.

Babu

*

Ujumbe wa simu, 11 Aprili

Nukta mwanangu, ni shangazi. Nimekuja leo mchana nimemkuta baba amevaa koti na tai, amekaa kitandani anangoja kengele ilie aingie darasani. Ananiita kwa jina la mama. Analegea kama nguo iliyotoka kwenye maji. Akili ya mzee imekwenda, mwanangu, tusidanganyane. Nimempigia baba yako, amelia. Keshokutwa naleta gari nimhamishe. Mtu wa kupanga nyumba nimeshampata. Usije kunilaumu, nimemwangalia tangu Februari.

*

Ujumbe wa simu, 12 Aprili, saa tatu asubuhi

Shikamoo Shangazi. Nimekupigia mara tisa. Najua ukiwa kwenye mashine husikii. Tafadhali soma ujumbe huu wote kabla ya kufanya lolote.

Jana jioni nilipata barua ya Babu. Ameandika "barua lako". Ameandika "maji imekwisha". Shangazi, wewe unamjua. Huyu ni mtu aliyesimamisha hotuba ya harusi yako ili asahihishe kosa la sarufi. Mtu wa namna hiyo uzee haumfanyi aandike "watoto hizi" ndani ya wiki mbili. Uzee huja polepole. Hiki kimekuja mbio.

Nimezisoma tena barua zake zote, zile nilizozipitia nikiwa nimesimama. Tangu Februari anapunguza chumvi kila Jumatatu, sasa hali hata chembe. Anakunywa bilauri ishirini za maji kwa siku. Na vidonge vya presha vinamtoa chumvi kwa mkojo. Kila kitu ameniandikia, kwa mwandiko mzuri, na mimi nikamwambia hongera.

Chumvi ya damu ikishuka sana, maji huingia katika seli za ubongo, nazo huvimba. Mtu huchanganyikiwa, hulegea, huona wasiokuwepo. Hali hiyo ikiachwa, mtu hufa. Ikitibiwa, akili hurudi.

Usimhamishie kwako. Mpeleke hospitali kubwa, leo, sasa hivi. Waambie wampime chumvi ya damu, sodiamu. Chukua vidonge vyake na ile karatasi ya daktari. Na nakuomba kwa magoti: usimpe chumvi wewe mwenyewe kwa kijiko. Wenyewe wataipandisha polepole. Ikipanda haraka, ubongo unaumia.

Kama nimekosea, mhamishe, nami sitasema neno. Lakini mpime kwanza. Naondoka hapa kwa basi la saa sita.

*

Dukani, 24 Aprili

Nukta mwanangu,

Baba amesema eti nikushukuru kwa barua na siyo kwa simu, kwa hiyo nakaa hapa juu ya kapu la mashuka naandika, na akiiona atanipaka rangi mpaka masikioni. Potelea mbali. Wewe ulikuwepo siku tatu ukarudi kazini kwako, lakini siku ya kwanza hukuiona, na mengine yametokea baada yako, kwa hiyo acha nikusimulie.

Kwanza nilikasirika niliposoma ujumbe wako. Nikasema, huyu mtoto anacheza na vichupa anataka kunifundisha baba yangu. Halafu nikafika pale penye "watoto hizi". Nikazima mashine zote nne. Mteja akaniuliza shuka zake, nikamwambia zitakauka zenyewe.

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, mdogo kama wewe. Wakachukua damu. Tukangoja kwenye benchi, baba ananiambia, "Mke wangu, wanafunzi wamechelewa." Daktari akarudi na karatasi anakimbia, sijawahi kumwona daktari anakimbia. Akasema ya kawaida huanzia mia moja thelathini na tano, ya mzee ni mia moja kumi na nne.

"Mzee anakula chumvi?"

"Hali kabisa."

"Nani alimkataza?"

Nikampa ile karatasi. Akaisoma. "Endelea kupunguza chumvi na kunywa maji zaidi. Sasa hapa kuna nini?" Nikamweleza alivyoichambua baba: kuendelea ni bila kukoma, na zaidi ni zaidi ya wiki iliyopita. Daktari akaanza kucheka, halafu akaacha. Akasema, "Maskini. Alifaulu mtihani." Akavisimamisha vidonge, akampunguzia maji, wakamwekea dripu ya kupandisha taratibu, na kila saa chache wanapima damu.

Ulipofika ulimkuta amelala, na hakukujua vizuri, najua uliumia. Ulipoondoka, siku ya nne, niko naye asubuhi, nesi akaja kubandika tangazo ukutani: WAGENI HAIRUHUSIWI KUKAA KITANDANI. Baba akafumbua macho. Akalitazama lile tangazo muda mrefu. Akasema, sauti kama ya mlango uliokosa mafuta:

"Hawaruhusiwi."

Nesi akasema, "Ndiyo babu, hawaruhusiwi."

"Basi andika hivyo."

Nilitoka nje kwenye korido nikalia mpaka mfagizi akaniletea kiti.

Mwanangu, nimeona haya. Nilikuwa nimeshampata mpangaji. Nilikuwa nimeshapima dirisha la kile chumba cha nyuma. Si kwamba nilitaka nyumba. Nilikuwa naogopa nije siku moja nimkute sakafuni. Kila sufuria iliyoungua niliiona ni mwanzo wa hilo. Daktari amesema akili yake ni nzima, na akifuata maagizo mapya anaweza kurudi kwake. Maagizo hayo nimemwambia ayaandike kwa tarakimu. Vijiko vingapi, bilauri ngapi. Asiache neno moja la kuchambuliwa.

Wewe nawe usijiumize sana. Sote tulisoma huku tumesimama.

Shangazi yako

*

Nyumbani, 9 Mei

Mjukuu wangu Nukta,

Nimerudi nyumbani siku ya tano sasa. Mwandiko bado haujanyooka, uniwie radhi. Chumvi nakula nusu kijiko, maji bilauri sita. Yote yameandikwa kwa tarakimu, ukutani, kwa mwandiko wa daktari, nami sina la kuyafanya ila kuyatii.

Umeniandikia kwamba kosa ni lako. Ukurasa mzima wa makosa yako, na sarufi safi kabisa. Nimesikitika kwamba uliandika vizuri kwa sababu ya kulia. Sikubali. Daktari wa zahanati hakukosea sarufi, wala wewe hukukosea. Nilisoma sentensi nikasahau kumsoma aliyeiandika, mtu mwenye foleni ya wagonjwa arobaini mlangoni. Ningemuuliza swali moja tu, angenijibu kwa dakika moja. Sikuuliza, kwa sababu mtu anayeogopa kuambiwa akili yake inayumba haulizi maswali.

Nataka ujue jambo moja, nisilolisema kwa mtu mwingine. Barua ile ya Aprili siikumbuki yote, lakini nakumbuka kwamba nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, na nilijua. Nilisikia kosa kama unavyosikia maji yakidondoka mahali fulani ndani ya nyumba. Nikawa natafuta chumba kwa chumba, silioni. Sikuwahi kuogopa namna ile, hata siku ya bibi yako. Nilituma barua vilevile. Nilijiambia: yeye ataliona. Niliandika "usimwambie shangazi yako", nikaibandika stempu, nikiomba umwambie.

Ukamwambia. Asante.

Sasa habari ya nyumba. Shangazi yako alikuja Jumapili, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Akasema, "Baba, nimefuta ile ahadi ya Juni. Kaa kwako. Sitakuchunguza tena."

Nikamwambia, "Vizuri. Lakini ninaogopa."

Kwa miaka hamsini na minane hajanisikia nikisema hivyo. Jirani alikuwa akipiga msumari, tukamsikiliza.

Kisha akasema, "Hata mimi."

Tukazungumza hadi chai ikapoa. Kumbe tangu mumewe afariki, naye huamka alfajiri akaziwasha mashine kabla ya wakati wake, ili pawe na kelele. Mimi nilidhani ni bidii. Nimekaa katika nyumba ya vyumba vinne nikipigania haki ya kuwa peke yangu, naye yuko mitaa mitatu kutoka hapa akipigana na ukimya.

Jana nilifungua chumba cha bibi yako. Vumbi lilikuwa zito hata nikapiga chafya mara saba, nilihesabu. Nimeyakunja mapazia. Nguo zake nimezitia katika sanduku, isipokuwa ile ya kijani, ambayo nimeitundika chumbani kwangu, nawe usiniulize. Shangazi yako atahamia humo Jumamosi, na dukani atakwenda kwa miguu kila asubuhi kama mtu yeyote aendavyo kazini. Hahamii kunichunguza. Nimemwambia hivyo, naye ameniambia hivyo, na sote wawili tunajua kwamba atakuwa akitazama sufuria.

Cherehani ya bibi yako sikuitoa. Shangazi yako alipokuja kukitazama chumba, aliligusa gurudumu lake, likazunguka, akasema, "Baba, unajua sijawahi kujifunza? Mama alitaka kunifundisha, nikamwambia kesho." Akauliza kama katika umri wake bado anaweza. Nikamwambia anaweza kabisa, nikaingia jikoni kutafuta mafuta ya mashine, nikakaa huko muda kidogo kabla ya kuyaleta.

Babu yako